Kurejesha Njia, Kurejesha Majina: Nafasi ya Lugha katika Njia ya Miguu ya Ukingo wa Ziwa Kivu

Ikisiri

Makala haya yanaijadili njia ya miguu inayofuata ukingo wa mashariki wa Ziwa Kivu nchini Rwanda, kutoka Rubavu hadi Rusizi, yenye urefu wa kilomita 227. Njia hiyo iliundwa kwa kuunganisha na kuboresha njia za zamani za vijijini ili zitumike pia kwa utalii. Hoja kuu ni kwamba urejeshaji wa njia ya aina hii haukamiliki mpaka majina na msamiati unaoambatana nayo virejeshwe pia. Mambo matatu yanaangaliwa: tabaka za majina ya mahali, msamiati wa uvuvi na kahawa, na istilahi zinazotumika katika maeneo ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Makala yanapendekeza kwamba Kinyarwanda kibaki kuwa lugha ya kutajia, na Kiswahili kipewe kazi ya kufafanua kwa wageni wa kanda, kwa utaratibu unaoheshimu yote mawili.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya sera za utalii wa kiutamaduni, njia ya kihistoria huhesabiwa kwa vitu vinavyoonekana: urefu wake, idadi ya vituo vya kulala, madaraja yaliyojengwa upya, mabango yaliyosimikwa. Vipimo hivyo ni vya lazima, kwa kuwa bila daraja hakuna anayevuka. Hata hivyo, kwa wakazi wa vijiji vinavyopitiwa, njia ni pia mfuatano wa majina. Mtu hamwelekezi mwenzake kwa kilomita. Humwelekeza kwa kilima fulani, mto fulani, kwa fulani aliyewahi kuishi pale, au kwa tukio lililotokea pale. Majina hayo yakipotea, njia hubaki kama kitabu kilichofutwa maandishi na kuachwa jalada.

Suala hili linatuhusu watafiti wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Ziwa Kivu limezungukwa na jamii ambazo Kiswahili kimekuwa lugha yao ya pili, au hata ya kwanza, kwa vizazi kadhaa, hasa katika miji ya mpakani ya Goma, Bukavu, Rubavu na Rusizi. Pili, Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo swali la lugha ipi iandikwe ukingoni mwa ziwa hili, kwa kazi ipi na kwa ajili ya nani, limekuwa swali la sera.

Makala yameandikwa kutokana na uchunguzi wa majina na istilahi, na kutokana na matembezi ya mwandishi katika sehemu ya njia iliyo kati ya Kinunu na Karongi.

2.0 Ziwa, mgongo wa milima na njia

Ziwa Kivu liko katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake hufikia karibu mita 480. Upande wa kaskazini limepakana na volkano za Virunga, ikiwamo Nyiragongo, ambayo milipuko yake ya 2002 na 2021 ilileta maafa makubwa katika mji wa Goma na viunga vyake. Upande wa mashariki, mgongo wa milima unaotenganisha mabonde ya mito ya Kongo na Nile huinuka kwa kasi kutoka ufukweni. Ardhi ya ukingo huo imekatwakatwa na ghuba, rasi na visiwa vidogo, kiasi kwamba vijiji viwili vinavyotazamana kwa macho huweza kutenganishwa na mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Umbo hilo la ardhi ndilo lililozaa njia. Watu wa ukingo huu walihitaji vijia vya kuteremkia ziwani, vya kupandia kwenye malisho na mashamba, na vya kuunganisha magulio. Baadaye ziliongezeka njia za kwenda misheni, kwenye vituo vya utawala na kwenye vituo vya kuoshea kahawa. Njia tunayoizungumzia haikuchongwa upya mlimani. Iliundwa kwa kuchagua baadhi ya vijia na barabara za udongo zilizokuwa zikitumika, kuziunganisha, kuzitengeneza na kuziwekea alama. Anayeitembea yote kwa miguu hutumia takribani siku kumi, na anayetumia baiskeli hutumia nusu ya muda huo. Hupita katika wilaya tano: Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi.

Historia iliyoandikwa na iliyosimuliwa inakutana katika vituo kadhaa vya njia hii. Rubengera, juu kidogo ya Karongi, palikuwa na mojawapo ya makazi ya Mfalme Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895 baada ya miaka mingi ya vita katika pande zote za ziwa. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alifika Kivu na msafara ulioanzia Pangani, katika pwani ya Waswahili. Miaka michache baadaye Richard Kandt alijenga kituo chake Shangi, katika sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Nyamasheke. Misafara hiyo ilikuja na wapagazi, askari na wakalimani, na lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilifika ukingoni mwa Kivu kwa miguu, kikipita katika vijia vya aina ileile inayorejeshwa leo.

Katika muongo uliopita barabara ya lami iliziunganisha Rubavu, Karongi na Rusizi. Imewafaa sana wakulima, wagonjwa na wanafunzi, na hakuna mkazi anayetamani irudi kuwa tope. Lakini pale ilipofuata mkondo wa njia ya zamani, imeimeza, na mapito mapya yamelazimika kutafutwa pembeni. Jambo hilo linatukumbusha kwamba udongo wa njia hauna uhakika wa kudumu. Hii ni sababu nyingine ya kuyatazama majina.

3.0 Tabaka tatu za majina

3.1 Jina la njia yenyewe

Njia hii inajulikana kimataifa kwa jina la Congo Nile Trail. Jina hilo limeundwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya msomaji aliye mbali, ambaye kwake mito miwili mikubwa ya Afrika inasema mengi kuliko jina la kijiji. Kwa mtazamo wa jiografia linahitaji maelezo. Mgawanyiko wa maji kati ya Kongo na Nile uko juu, katika mgongo wa milima, ilhali njia iko chini, ukingoni mwa ziwa. Maji ya vijito ambavyo mtembezi huvivuka hutiririka kuelekea Kivu, kisha hupita Mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, na kutoka huko hufuata Mto Lukuga hadi Kongo. Mtembezi anayetarajia kuyaona maji ya Nile akiwa njiani atakuwa ameyapa mkono wa kushoto siku zote anapoelekea kusini, yakiwa ng'ambo ya mlima.

Hata hivyo, jina hilo linabeba ukweli wa kale ambao bango zuri lingeweza kuueleza. Wanajiolojia wanafafanua kwamba kabla ya volkano za Virunga kuinuka na kuziba njia ya kaskazini, maji ya bonde hili yalielekea Ziwa Edward, yaani upande wa Nile. Yalipozibwa, ziwa lilijaa na kufunguka upande wa kusini, ukazaliwa mkondo wa Rusizi. Ziwa Kivu basi limewahi kuwa la Nile na sasa ni la Kongo. Maelezo ya namna hii, yakiandikwa kwa lugha ambayo mwanafunzi wa Bujumbura, Bukavu au Kigoma anaielewa, hulifanya jina la kibiashara kuwa somo.

3.2 Majina ya miji

Tabaka la pili ni la majina ya kiutawala. Katika mageuzi ya mwaka 2006 miji mitatu mikubwa ya ukingo huu ilibadilishiwa majina: Gisenyi ikawa Rubavu, Kibuye ikawa Karongi, na Cyangugu ikawa Rusizi. Majina mapya hayakutoka mbali, kwa kuwa Rubavu na Karongi ni majina ya milima na Rusizi ni jina la mto. Mageuzi hayo yalikuwa na malengo yake ya kiutawala na hayajadiliwi hapa. Linalojadiliwa ni matokeo yake kwa msomaji wa njia. Ramani mpya zina majina mapya. Vitabu, barua, nyaraka za misheni na kumbukumbu za familia zina majina ya zamani. Na mazungumzo ya kila siku yana yote mawili.

Nilipokaribia mji huo wa kati nilimuuliza mzee mmoja mvuvi, kwa Kiswahili, kama nimefika Karongi. Alinyoosha mkono kuelekea mlimani, akasema: "Hapa ni Kibuye, mwalimu. Karongi ni ile mulima." Hakuwa akipinga sheria. Alikuwa akinielekeza kwa usahihi, kama mtu ambaye kwake jina ni la kitu kinachoonekana. Bango linaloandika jina moja pekee, liwe jipya au la zamani, lingemfanya ama mzee huyo ama mgeni aonekane amekosea.

Majina ya zamani yana pia faida ya kiisimu ambayo wazungumzaji wa Kiswahili wangeifurahia. Gisenyi na Kibuye yanaanza kwa kiambishi kimoja, kilekile kinachofanana na ki- ya Kiswahili. Tofauti ya g na k inatokana na Kanuni ya Dahl: konsonanti ya kiambishi hupata ghuna pale konsonanti inayofuata inapokuwa si ghuna, kama s ya -senyi, na hubaki k mbele ya konsonanti ghuna, kama b ya -buye. Aidha, neno ibuye la Kinyarwanda na neno jiwe la Kiswahili yana asili moja ya Kibantu. Msemaji wa Kiswahili akielezwa mambo haya mawili tu, ataanza kuyasoma majina ya ukingo mzima kama majina ya jamaa zake wa mbali.

3.3 Tahadhari kuhusu asili ya majina

Tabaka la tatu ni la majina madogo: ya rasi, vijito, magulio na vijia. Haya ndiyo mengi zaidi na ndiyo yaliyo hatarini zaidi, kwa kuwa mara nyingi hayamo katika ramani. Ndiyo pia yanayovutia hadithi za kubuni. Chukua mfano wa kisiwa kikubwa cha Ijwi, kilicho upande wa Kongo na kinachoonekana kutoka sehemu ndefu ya njia. Katika Kinyarwanda neno ijwi lina maana ya sauti. Ni rahisi kwa mwongoza watalii kubuni kisa kitamu cha kisiwa kinachoita, na mgeni atakiandika. Lakini kufanana kwa umbo si ushahidi wa asili. Hali ni hiyohiyo kwa neno sambaza, jina la samaki tutakayemjadili hapa chini, ambaye msemaji wa Kiswahili angeshawishika kumhusisha na kitenzi cha kueneza.

Simulizi za aina hiyo zina thamani yake kama fasihi ya watu, na hakuna haja ya kuwanyamazisha wanaozisimulia. Kinachotakiwa ni bango kutofautisha kati ya "jina hili lina maana ya" na "wenyeji husimulia kwamba". Maneno hayo machache ndiyo mpaka kati ya maarifa na uvumi.

4.0 Msamiati wa kazi: uvuvi na kahawa

Jioni, katika ghuba nyingi za Kivu, wavuvi hutoka kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi, nyavu zikining'inizwa kati yake na taa zikitangulia kuwavuta samaki. Hupiga makasia kwa mwendo mmoja, wakiimba kwa kupokezana. Sauti yao hufika njiani kabla chombo hakijaonekana. Ni mojawapo ya mambo yanayotajwa zaidi na wageni, na pia mojawapo ya mambo yanayoelezwa vibaya zaidi.

Tatizo ni la istilahi. Mwandishi aliyezoea pwani huvutwa na neno ngalawa. Lakini ngalawa ni mtumbwi mmoja wenye matengo mawili ya kuuzuia usipinduke, na huendeshwa kwa tanga. Chombo cha Kivu ni mitumbwi mitatu kamili, kila mmoja na wapiga makasia wake, na miti inayoviunganisha ni sehemu ya zana ya kuvulia. Kukiita ngalawa ni kumpa msomaji picha isiyo sahihi. Kwa kuwa Kiswahili sanifu hakina neno lililozoeleka kwa chombo hiki, ni bora kukieleza kwa maneno ya wazi, na kuandika pembeni yake jina ambalo wavuvi wenyewe wanalitumia katika kila ghuba.

Samaki wanaovuliwa wanatoa funzo jingine. Sambaza, ambaye kitaalamu huitwa Limnothrissa miodon, hakuwamo Kivu tangu asili. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Ubelgiji, na akastawi hadi kuwa msingi wa uvuvi wa ziwa zima. Samaki huyo huyo, akiwa Tanganyika upande wa Tanzania, huingizwa katika kundi la dagaa; Burundi kundi hilo huitwa ndagala; na alipopandikizwa katika bwawa la Kariba alijulikana kama kapenta. Wakati huohuo, dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki wa jamii nyingine kabisa, ambaye Wajaluo humwita omena na Waganda mukene. Msomaji wa Mwanza akikuta bango linalosema "dagaa wa Kivu" atadhani anamjua. Akikuta "sambaza", pamoja na sentensi mbili za kumweleza, atajifunza historia ya maziwa matatu.

Kahawa nayo ina jiografia yake ya majina. Miche ya kwanza inayokumbukwa katika historia ya zao hili nchini Rwanda ilipandwa na wamisionari wa Mibirizi, katika Rusizi ya leo, mnamo 1904, na hadi leo Mibirizi ni jina la aina mojawapo ya kahawa ya arabika. Njia hupita karibu na vituo vya kuoshea kahawa, kama vile Kinunu, ambako wakulima huleta matunda mekundu, yakamenywa, yakavundikwa, yakaoshwa na kuanikwa juu ya meza ndefu. Mgeni huonyeshwa hatua hizi na kuonjeshwa kikombe. Maelezo anayopewa kwa kawaida hufuata msamiati wa wanunuzi wa ng'ambo: ladha ya tunda gani, harufu ya ua gani. Msamiati wa mkulima, unaotenganisha tunda bovu na zima, jua la kuanikia na jua la kuchoma, msimu mnono na msimu wa njaa, haumo katika maelezo hayo. Huo ndio msamiati unaofaa kukusanywa kwanza, kwa sababu waliouishi wanazeeka.

5.0 Maeneo ya kumbukumbu: pale ambapo neno lina uzito

Njia hii haiwezi kuelezwa kwa uaminifu bila kutaja mwaka 1994. Katika mji uliokuwa ukiitwa Kibuye, watu waliokimbilia kanisani, katika nyumba ya kufikia wageni iliyo karibu na kanisa hilo, na katika uwanja wa michezo waliuawa kwa maelfu. Katika vilima vya Bisesero, vinavyoonekana juu ya ziwa, Watutsi walijihami kwa mawe na fimbo kwa wiki nyingi kabla ya wengi wao kuuawa. Mwaka 2023 Bisesero iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Nyamata, Murambi na Gisozi.

Hapa masuala yote yaliyotangulia yanakutana. Kwanza ni suala la majina. Hukumu ya mwaka 1999 ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, kuhusu matukio ya eneo hili, inazungumzia Kibuye. Mashahidi walitoa ushahidi kwa Kinyarwanda, wakataja vilima, makanisa na tarafa kwa majina ya wakati ule. Mtoto wa manusura anayetembea leo na ramani yenye jina Karongi pekee anapoteza uzi unaomwunganisha na ushahidi wa wazazi wake. Kuyaweka majina ya zamani katika mabango ya eneo hili ni sehemu ya kutunza ushahidi.

Pili ni suala la istilahi. Kiswahili kimezoea kusema mauaji ya kimbari. Istilahi hii imejengwa juu ya neno mbari, lenye maana ya ukoo. Imeshika mizizi, na si kusudi la makala haya kuing'oa. Lakini nchini Rwanda koo hazikufuata mgawanyiko uliotumiwa na wauaji: ukoo mmoja ulikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Msomaji wa Kiswahili anayeifasiri istilahi hii neno kwa neno anaweza kudhani kwamba koo mbili zilipigana. Istilahi mbadala, mauaji ya halaiki, inaonyesha wingi wa waliouawa lakini inaficha nia ya kuliangamiza kundi la watu kwa sababu ya vile walivyozaliwa, nia ambayo ndiyo kiini cha kosa hilo katika sheria ya kimataifa.

Rwanda hutumia kauli inayowataja walengwa, na Umoja wa Mataifa ulifuata mkondo huo mwaka 2018 ulipoitaja siku ya kumbukumbu kwa jina la mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Kwa hiyo maandishi ya Kiswahili katika maeneo haya hayana budi kuitumia kauli kamili, bila kuikata kwa ajili ya nafasi ndogo ya bango, na kuweka sentensi moja inayofafanua kwamba walengwa walisakwa kwa utambulisho wao, wala haikuwa vita vya koo. Neno lililokatwa hapa haliondoi herufi tu, huondoa watu.

Tatu ni suala la sauti. Katika sehemu nyingine za njia, mwongozaji ana uhuru wa kuchekesha na kupamba. Hapa anapaswa kujua aina nyingine ya usemi: maneno machache, vitenzi vya moja kwa moja, na ukimya. Mafunzo ya waongozaji yanayofundisha salamu na bei katika lugha tano bila kufundisha namna ya kuzungumza mahali penye makaburi yana pengo kubwa.

6.0 Kiswahili ukingoni mwa Kivu: historia na mtazamo

Pendekezo la kukitumia Kiswahili katika njia hii halina budi kuizingatia historia ya lugha hiyo nchini Rwanda. Wajerumani walikitumia katika utawala. Baada yao, chini ya Wabelgiji, kilihusishwa zaidi na mitaa ya wafanyabiashara, Waislamu na wageni, kikatengwa na shule na ikulu. Kutokana na hali hiyo, neno la Kinyarwanda lililotokana na Mswahili lilibeba maana ya mtu mjanja asiyeaminika, na kivuli cha maana hiyo hakijatoweka kabisa. Sheria ya 2017 ilikipa Kiswahili hadhi. Mtazamo hubadilika kwa mwendo wake.

Vilevile, Kiswahili kinachosikika ukingoni hapa si kile cha vitabuni. Ni Kiswahili cha Kivu, chenye maumbo kama batoto kwa watoto na niko naenda kwa ninakwenda. Mvuvi aliyeniambia "ile mulima" alikuwa akizungumza lahaja yenye kanuni zake, inayotumiwa na mamilioni ya watu mashariki mwa Kongo. Mabango yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu yanasomwa na watu wa nchi nyingi. Lakini masimulizi ya wazee yarekodiwe kama yanavyosemwa. Mtafiti anayeyasahihisha wakati wa kuyanukuu hupoteza data na heshima kwa pamoja.

Kuhusu walengwa, inafaa kukumbuka kwamba tangu 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa vitambulisho vya taifa. Mgeni wa kanda anayeweza kumudu siku mbili za kutembea, mwalimu na wanafunzi wake, au kikundi cha kanisa, hana sababu ya kuelezwa ziwa la jirani yake kwa lugha ya mtalii aliyevuka bahari. Hali ya usalama upande wa magharibi wa ziwa imekuwa ikipanda na kushuka, na mipaka imekuwa ikifungwa na kufunguliwa. Hata nyakati za kufungwa, lugha inayoeleweka pande zote mbili hubaki kuwa mlango ulio wazi.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, mambo sita yanapendekezwa kwa wanaosimamia njia za kihistoria katika kanda.

Kwanza, jina la mahali litangulie kwa Kinyarwanda, kwa maandishi makubwa kuliko jina la kibiashara la njia, na bila kutafsiriwa.

Pili, pale ambapo jina la kiutawala limebadilika, majina yote mawili yaandikwe pamoja na mwaka wa mabadiliko. Katika maeneo ya kumbukumbu jambo hili liwe la lazima.

Tatu, maelezo ya Kiswahili yaandikwe moja kwa moja kwa Kiswahili na watu wanaoijua sehemu husika, badala ya kutafsiriwa kutoka maandishi ya Kiingereza au Kifaransa. Tafsiri hufuata maswali ya msomaji wa kwanza, na msomaji wa Goma ana maswali yake.

Nne, iandaliwe orodha ya istilahi za uvuvi, kilimo cha kahawa na vyombo vya majini kwa ukingo mzima wa ziwa, ikionyesha neno la Kinyarwanda, la Kiswahili cha Kivu na la Kiswahili sanifu pale lilipo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi nzuri ya kuiratibu kazi hiyo pamoja na vyuo vikuu vya nchi husika.

Tano, mafunzo ya waongozaji yajumuishe tofauti kati ya maana iliyothibitishwa na simulizi la wenyeji, na yawe na sehemu mahsusi kuhusu usemi katika maeneo ya kumbukumbu.

Sita, kila sehemu ya njia inapohamishwa kwa sababu ya barabara au ujenzi, majina ya mahali palipoachwa yaorodheshwe kabla ya kazi kuanza. Gharama yake ni siku chache za mtafiti mmoja na wazee wa kijiji. Hasara ya kutofanya hivyo haina marekebisho.

8.0 Hitimisho

Njia ya ukingo wa Kivu ni mfano wa urejeshaji uliofanikiwa kwa kiasi kikubwa katika upande wa vitu: inapitika, inajulikana, na inawaletea wanavijiji wageni wanaokula, kulala na kununua. Upande wa maneno bado una kazi. Jina la njia linaelekeza juu ya mlima, majina ya miji yanaelekeza kwenye ofisi, na majina ambayo wazee wanayatumia yanaelekeza mahali penyewe. Sera nzuri ya lugha haichagui moja na kuyafuta mengine. Huyapanga ili kila moja lifanye kazi yake.

Kinyarwanda kina haki ya kutaja, kwa kuwa ardhi hii imetajwa kwacho. Kiswahili kina uwezo wa kufafanua, kwa kuwa kinasikika kutoka Bukavu hadi Pangani, mahali ambapo msafara wa Götzen ulianzia. Yakifanyika hayo, mtembezi wa kesho ataambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba hapa ni Kibuye na Karongi ni ule mlima, naye ataelewa kwa nini yote mawili ni kweli.